Upindo Mweupe

2 Novemba

Mvua ya kwanza leo. Haikuzidi ya kutuliza vumbi, lakini nilipoisikia juu ya bati niliiacha sare ya shule chini ya sindano, nikatoka nyuma ya nyumba kuangalia maua yangu. Mume wangu, ambaye hutengeneza redio kwenye chumba cha mbele, akaniuliza nani amebisha hodi. Nikamwambia mvua. Akarudi kwenye redio yake.

Naanza daftari hili kwa sababu mwaka jana sikuandika popote ua langu jipya lilichanua lini, na mwaka huu sitaki linipite.

4 Novemba

Sare. Kola, vifungo, kola.

7 Novemba

Limechanua.

Nieleze vizuri, hata kama hakuna atakayesoma (na asithubutu). Maua haya tunayaita maua ya siku, kwa sababu kila ua hufunguka alfajiri na jioni limeshajikunja, basi, halirudi tena. Kesho yake linafunguka tumba jingine kwenye bua lile lile. Ukitaka ua ambalo hakuna mwingine mwenye nalo, unachukua chavua ya ua moja na kuipaka kwenye ua jingine asubuhi kabla nyuki hajakutangulia, unangoja mbegu, unazipanda, halafu unakaa miaka. Mimi nilikaa mitatu. Mwaka jana shina lilitoa ua moja tu, tukaliona mimi na mume wangu. Mwaka huu shina limenenepa na mabua yamejaa matumba.

Rangi yake ni damu ya mzee. Kooni ni njano inayoelekea kijani, na kwenye ukingo kuna mstari mweupe, mwembamba, umezunguka ua zima kama upindo nilioushona mwenyewe. Nimeliita Upindo Mweupe. Sijamwonyesha mtu. Tarehe 23 chama chetu cha bustani kina maonyesho kwenye ukumbi wa shule, na siku hiyo nitaingia na bua langu ndani ya ndoo, limefunikwa kitambaa, na nikifunua nataka wanyamaze wote.

Nimevisha nusu ya mtaa huu. Nguo zinatoka mlangoni kwangu, zinakwenda kwenye sherehe, zinasifiwa, na hakuna anayeuliza zimetoka mkono wa nani. Hili ua litakuwa kitu changu cha kwanza chenye jina langu.

9 Novemba

Wifi amekuja, dada yake mume wangu, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ameleta kitambaa cha bluu. Anataka gauni la kuvaa kwenye mkutano wa kufunga msimu wa chama, mwanzoni mwa Februari. "Kama lile la mwaka jana, wifi, ila lisinibane nikikaa."

Lile la mwaka jana alipoulizwa amelipata wapi, alisema duka fulani la mjini, la bei mbaya. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na pini bado zimechomekwa kifuani pangu. Akageuka, akaniona, akacheka, akanishika mkono. Na mimi nikacheka. Mpaka leo sijui nilicheka nini.

Alipokuwa anaondoka akachungulia dirisha la nyuma. "Maua yako mwaka huu yamekubali," akasema. Nikavuta pazia.

12 Novemba

Mvua usiku kucha. Gauni la Wifi: bado.

17 Novemba

Jana nilishinda kwenye shule ya ng'ambo nikiwapima watoto viuno. Leo asubuhi nimekuta pembeni mwa Upindo Mweupe, upande wa ukutani, pana pengo, na udongo umesawazishwa kwa kiganja. Nimemuuliza mume wangu.

"Labda kuku," akasema bila kuinua macho kwenye redio.

Sijapata kuona kuku anayefukua halafu akasawazisha.

20 Novemba

Mume wangu amekuwa mwema kupita kiasi. Ameosha vyombo.

23 Novemba

Nitaandika yote, nisije nikasahau hata moja.

Niliingia ukumbini na ndoo yangu. Watu walikuwa wamezunguka meza ya kati mpaka nikashindwa kupita. Nikapenyeza kichwa. Juu ya meza, ndani ya chungu kipya kilichopakwa rangi, lilikuwa Upindo Mweupe langu, limechanua maua mawili, na mbele yake lebo ya mbao imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba ua hili limezalishwa na Wifi. Amelipa jina lake mwenyewe. Jina hilo humu siliandiki.

Yeye alikuwa pembeni, anaeleza. Anaeleza jinsi alivyoamka alfajiri kupaka chavua, jinsi alivyongoja, jinsi alivyokata tamaa halafu tumba likafunguka. Yalikuwa maneno yangu. Niliyasema mezani kwangu mwaka jana, yeye akila chakula changu, bila kumtajia ua lenyewe.

Nikafunua ndoo. Nilitaka wanyamaze, na kweli walinyamaza, halafu Nesi, jirani yetu anayefanya kazi zahanati, akasema kwa furaha kabisa, "Kumbe wifi yako ameshakugawia na wewe."

Nikasema, "Hili ni langu."

Wifi akacheka kile kicheko chake. "Wifi bwana, na mizaha yako." Na watu wakacheka naye, kwa sababu ni kweli mimi hupenda mizaha.

Nikasema tena ni langu. Mara ya pili sauti ilinitoka vibaya, kama ya mtu anayegombea nafasi kwenye foleni. Mwenyekiti wetu, mzee aliyekuwa mpima ardhi, mtu wa taratibu, akaniinamia akidhani ananisaidia. Katika chama chetu kuna sheria moja ya zamani: mche wowote uliopewa lazima uwe na lebo yenye jina la mkono uliokupa. Si la duka, si la aliyempa aliyekupa. La mkono uliokupa.

"Mama, ungeweka tu lebo," akaniambia taratibu. "'Kutoka kwa wifi yangu.' Sheria ni sheria."

Nikachukua ndoo yangu nikatoka. Mvua ilikuwa inanyesha. Ndoo sikuifunika.

24 Novemba

Mume wangu amekiri. Siku ile nilipokwenda shule ya ng'ambo, dada yake alikuja na jembe la mkono, akamwambia anaomba kijimche. "Nilidhani ni ua tu," anasema. "Nani angejua mtu anaweza kugombana kwa sababu ya ua?"

Kwa hiyo hata mwizi siwezi kumwita. Alipewa na kaka yake. Lebo yake ilitakiwa isome "Kutoka kwa kaka", aache kujifanya mzazi wa ua.

Nimeshona vifungo vya mashati ya mume wangu vyote upande wenye matundu, asiweze kuyafunga.

27 Novemba

Mambo niliyowaza leo nikiwa kwenye cherehani: maji ya moto, chumvi, mafuta ya taa, mkasi, kulibana gauni la Wifi kiunoni mpaka asikae. Nimeyakataa yote. Maji ya moto yataua ua langu, na gauni likikosewa watu watakumbuka ghafla kwamba mshonaji ni mimi.

30 Novemba

Nesi amekuja kuchukua sare ya mwanawe, na akanipa dawa bila kujua. Anasema Wifi sasa ameota mapembe. Ukimwomba mche anakuambia ungoje mwakani, ataangalia. Mke wa muuza nyama amempelekea mayai. Mwenyekiti mwenyewe ameomba mara mbili. "Anafurahia kuombwa," Nesi akasema, "utadhani anagawa viwanja."

Nikamwambia, "Njoo nyuma."

Nilichukua uma wa bustani nikalinyanyua shina zima kutoka ardhini. Nesi akashika mdomo. Nikaligawanya kwa kisu, nikaanika vidonda kivulini kama inavyotakiwa, nikamwambia aje kesho kutwa achukue mche wake, na aje na lebo. Nilimtajia cha kuandika: Upindo Mweupe, kutoka kwa Mshonaji.

Akaniangalia. "Kwa hiyo siku ile ulikuwa unasema kweli."

"Ulicheka."

"Nilicheka," akasema. "Nisamehe."

Nimemsamehe, kwa sababu nina kazi naye.

3 Desemba

Wifi anajivunia kwamba analo peke yake. Basi nitaligawa mpaka liwe la kawaida kama nyasi. Nataka akitoka mlangoni alione kwa Nesi, akienda kununua nyama alione kwa muuza nyama, na kila mahali akute lebo inayomsomea kwamba limetoka kwangu. Nataka wale wote waliokuwa wanamlamba miguu wasiwe na cha kumwomba. Sijawahi kuwa mkarimu kiasi hiki maishani mwangu, na sijawahi kuwa na chuki kiasi hiki, na nashangaa jinsi vinavyokwenda pamoja bila kusukumana.

4 Desemba

Nimempa Mwenyekiti. Alisoma maneno ya lebo mara mbili, akavua miwani, akaivaa tena. Aliandika kwa mwandiko wake wa ramani.

8 Desemba

Nimempa muuza nyama na mkewe. Miaka yote nimemwona mtu bahili, anayepima nyama pamoja na mfupa, na kidole chake juu ya mizani. Leo amenipeleka uani kwake. Ana maua ya siku ya rangi ya chungwa, mstari mzima, na anayaongelesha. Ameniambia lile la pembeni linadeka. Amenikatia miche miwili na nyama ya bure, na nimeondoka nikiwa nimevurugika, maana nilikuwa nimeshazoea kumchukia.

Lebo yangu: kutoka kwa Muuza Nyama.

11 Desemba

Gauni la Wifi: bado. Amepita kuuliza. Nikamwambia uzi wa bluu umeisha madukani.

"Nasikia unagawa maua," akasema.

"Nagawa langu."

"Ni vizuri kugawa." Akatabasamu, lakini jicho moja lilikuwa linapepesa. Nililala vizuri sana.

15 Desemba

Mvua kubwa. Nesi ameleta mche wake wa njano, mwalimu jirani yetu ameleta wa waridi uliofifia, na mtu mwingine wenye petali zilizosokotwa. Kila ninayempa ananipa. Bustani yangu imejaa lebo kuliko majani, na asubuhi nikizunguka na kikombe cha chai nasoma majina ya watu. Jambo hili linaanza kunifurahisha kwa sababu ambazo hazihusiani na Wifi, na sitaki. Leo nilipita nyumbani kwake ili nikumbuke.

19 Desemba

Mwalimu ametaka mwingine kwa ajili ya mama yake. Nimekata.

22 Desemba

Mvua haikati. Fundi viatu anataka, na watu wa duka la dawa wanataka. Miche ilitakiwa ianikwe vidonda vikauke, lakini kuanika wapi, kila kitu kinachuruzika. Na shina nililolikata jana sikutakiwa kulikata tena leo. Najua haya yote. Ningemwona mwingine anakata maua ya siku kwenye mvua ya namna hii ningemnyang'anya kisu. Lakini duka la dawa linatazamana na dirisha la Wifi, dirisha kwa dirisha. Nimekata.

Kwangu nimebakisha shina moja. Linatosha, litazaana.

23 Desemba

Mvua.

24 Desemba

Mvua.

29 Desemba

Wifi ameondoa chungu chake barazani. Mume wangu anasema dada yake hajisikii vizuri, hatoki, na hakuna anayekwenda kumwomba chochote siku hizi. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya msiba.

"Pole yake," nikasema. Niliimba nikiwa kwenye cherehani. Halafu jioni nikakumbuka kwamba sijamwona akipita siku nyingi, na nikajikuta nasikiliza hatua zake. Upuuzi.

5 Januari

Majani ya Upindo Mweupe yamekuwa ya njano chini. Ni maji tu, jua likitoka yatarudi.

9 Januari

Jua limetoka. Nimeshika jani nikalivuta kidogo, likaja lote mkononi, na shina likaja nalo, laini, linanuka kama kitambaa kilichosahaulika ndani ya beseni. Nilifukua. Limeoza mpaka kwenye mizizi. Nilichambua udongo kwa vidole nikitafuta hata kipande kigumu, na sikupata.

Nilikaa chini pale pale kwenye tope. Nimezungukwa na maua ya Nesi, ya Muuza Nyama, ya Mwalimu, ya kila mtu. Mtaa mzima una Upindo Mweupe. Mimi ndiye sina.

Nililia, na sitasingizia kitu kingine. Miaka mitatu. Nimelimaliza mwenyewe, kwa kisu changu, kwa ajili ya dirisha la mtu.

10 Januari

Mume wangu ameniona nikilia akataka kujua. Nikamwambia, na nikamwonya kwamba asimwambie mtu. Nitamwomba Nesi polepole, wakati hakuna watu, anikatie mche. Nesi hatatangaza. Lakini inabidi kwanza mche wake upate nguvu, na inabidi kwanza nimeze mate.

14 Januari

Sare. Shule zinafunguliwa, kila mtu anataka leo.

21 Januari

Nilifika mpaka mlangoni kwa Nesi, nikaishia kumuuliza kama sare ya mwanawe inamtosha.

27 Januari

Leo.

Chumba kilikuwa kimejaa. Nesi amekuja kupunguza sketi, mke wa muuza nyama amekaa kwenye kochi, Mwenyekiti ameleta suruali yake ya mkutano ipigwe pasi. Akaingia Wifi. Amekonda kidogo. Alikuwa amebeba chungu kwa mikono miwili, kile kile cha rangi, na ndani yake Upindo Mweupe limesimama, majani mapana, safi, bua lenye matumba, na chini mchanga na majivu vimechanganywa vizuri kuliko ninavyochanganya mimi.

"Kaka ameniambia lako limeoza," akasema mbele ya wote. "Nikaona nikutengee."

Mdomo wa mume wangu. Siku moja nitaushona kwa cherehani.

Walinigeukia wote. Mke wa muuza nyama akasema masikini. Nesi alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu ambaye angenipa kama ningemwomba. Na mimi mikono ikanyooka yenyewe, ikapokea. Chungu kilikuwa kizito.

"Asante, wifi," nikasema.

"Nililiangalia vizuri," akasema kwa sauti ndogo, ya kwangu peke yangu. Nadhani alimaanisha. Nadhani usiku alikuwa analiingiza ndani. Halafu akajiweka sawa, akasema kwa sauti ya watu wote, "Ila usisahau lebo. Sheria ni sheria." Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa kabla hajafikiri, kisha akaangalia viatu vyake.

Sijui kama alikuja kwa wema au alikuja kunikomoa, na hilo ndilo linalonila. Angekuwa amekuja kunikomoa tu, ningejua la kufanya. Akageuka mlangoni. "Na gauni langu je?"

"Litakuwa tayari," nikasema.

28 Januari

Nimelipanda. Kalamu nimeishika muda mrefu. Nilitaka kuandika "Kutoka kwa Wifi, aliyelipata kwa kaka yake, aliyelichukua kwangu", lakini lebo ni fupi, na ni mimi niliyezunguka mtaa mzima nikiwasimamia watu waandike mkono uliowapa na si mwingine. Nikaandika: Upindo Mweupe, kutoka kwa Wifi. Nimeiweka upande wa barabara, herufi kubwa, isomeke na wapita njia. Sheria ni sheria.

30 Januari

Nimeshona gauni la Wifi. Sitadanganya, ndilo gauni zuri kuliko yote niliyowahi kushona. Mikono imekaa, kiuno kimekaa, vifungo vya mgongoni nimevivika kitambaa chenyewe kimoja kimoja, na upindo nimeushona kwa mkono mpaka macho yakaniuma. Halibani hata akikaa.

31 Januari

Kisha nikakata kipande cha bluu, upana wa vidole viwili, nikakitarizi kwa uzi mweupe, herufi safi: KUTOKA KWA MSHONAJI. Sikukishona ndani ya kola. Nimekishona nje, nyuma ya shingo, juu kidogo ya kifungo cha kwanza, mahali ambapo mwenye gauni hawezi kupaona na kila aliye nyuma yake hana pengine pa kutazama. Nimekishona mara mbili, kisibanduke.

Kesho nitampelekea dakika za mwisho kabla ya mkutano, limekunjwa kifua juu, nimfunge vifungo kwa mikono yangu, nimgeuze kwenye kioo aone mbele.

1 Februari

Wifi alikaa safu ya mbele.